Ardhi ya Saba Kutoka Kanisani

Abel Guérinet hakuwa na viatu vya baridi. Hakuwa na mke, hakuwa na kofia, hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na ndugu hata mmoja upande huu wa bahari. Hakuwa na shoka la kwake. Lile alilokatia miti lilikuwa la tajiri aliyemchukua kwa mkataba wa miaka mitatu, na mkataba ulisema alirudishe likiwa na mpini. Hakujua kusoma. Nimemkuta kwenye hati ishirini na sita, na mwisho wa kila moja pameandikwa kwamba ameulizwa kama anaweza kutia sahihi, naye amesema hajui. Na kuliko yote hayo, hakuwa na utulivu.

Hilo la mwisho ndilo lililonimalizia miaka thelathini na moja ya maisha yangu.

Mimi naitwa Rosaire Guérinet, nina miaka sabini na tisa, na huyo Abel ni babu wa mababu zetu, Waguérinet wote wa Kebeki, huku Kanada, na waliotawanyika Marekani. Nimefanya kazi miaka thelathini na minane kwenye kiwanda cha karatasi. Nilipofika arobaini nilianza masomo ya jioni, nikiingia darasani bado nanuka salfa, nikakaa na vijana walioniita mzee, nikapata cheti cha sekondari. Baadaye nikasoma kozi ya miandiko ya kale. Mwalimu wetu alikuwa akisema maandishi ya miaka ile ni kama kuku aliyekanyaga wino akapita juu ya karatasi. Mimi nayasoma kama gazeti. Sijisifu, nasema ilivyo.

Basi nikamwandama Abel. Alifika mwaka 1659. Mkataba wake ulipokwisha alipewa ardhi kisiwani, yeye na mwenzake mmoja. Nilipoanza kuizoea ile ardhi, ramani mkononi, nikagundua ameshaibadilisha kwa ng'ombe na bunduki. Ya pili aliichukua karibu na mji. Mwinyi mwenye eneo akamnyang'anya kwa kuwa hakujenga wala hakuwasha moto pale kwa mwaka mzima, na sharti la ardhi zetu za zamani lilikuwa hilo: uishi juu yake na moshi uonekane. Ya tatu aliiacha tu. Haikuandikwa kwa nini. Nimekaa miezi minane nikitafuta kwa nini. Ya nne ilikumbwa na barafu ya mto wakati wa kuyeyuka, ikamwondolea nyumba na banda. Hapo simlaumu, ingawa jirani zake walikuwa wamejenga juu mlimani.

Ya tano ndiko alikofia. Iko hapa Sainte-Ombeline. Hati ya mwaka 1674 inasema ina upana wa arpani tatu, kipimo cha zamani cha karibu mita sitini kila kimoja, mbele ambako inagusa mto, na urefu wa arpani arobaini kwenda msituni. Utepe mwembamba kama ardhi zetu zote za kando ya mto. Na inasema mahali ilipo: ni ardhi ya saba kwenda chini ya mto, ukihesabu kutoka kanisani.

Nilihesabu kutoka kanisani. Mtoto wa miaka sita anaweza kuhesabu mpaka saba. Ya saba ilikuwa shamba la binamu yangu Marcelin Guérinet, na huyo ni Guérinet wa kuzaliwa, kwa hiyo kila kitu kilikaa sawa. Miaka kumi na saba iliyopita nikatoa kijitabu, kurasa themanini na nne, *Maisha na Ardhi za Abel Guérinet*. Marcelin akapigilia kibao barabarani kwake: HAPA NDIPO ARDHI YA BABU. Chama cha Ukoo wa Guérinet kikazaliwa, Marcelin akawa mwenyekiti, na mwaka huu kikaamua kusimamisha jiwe la graniti. Lingezinduliwa Jumapili ya pili ya Julai, baada ya misa, mbele ya watu mia mbili, na chini kabisa ya jiwe, kwa herufi ndogo lakini zilizochongwa, pangekuwa na maneno haya: *Utafiti wa Rosaire Guérinet*.

Sikuliomba hilo. Lakini sikulikataa pia. Jina langu halijapata kuandikwa mahali pengine isipokuwa kwenye vyeti viwili na kadi ya kiwanda.

Mwisho wa Juni, zikiwa zimebaki siku kumi na tatu, Marcelin akanipigia simu wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa akiuza magari kabla ya kustaafu, na bado anaongea kama mtu anayeshikilia mlango wa gari uwe wazi ili uingie.

"Rosaire! Mzee wangu! Nahitaji chemchemi."

"Chemchemi gani?"

"Ya kwenye kitabu chako. Ukurasa wa hamsini na moja. Babu amemwachia mwanawe ardhi, lakini amejiwekea haki ya kuchota maji kwenye chemchemi. Watu wa Minnesota wameniandikia. Wanataka kunywa maji ya babu. Iko wapi?"

Ile ilikuwa hati ya mwaka 1698. Abel alipochoka alimpa mwanawe mkubwa ardhi yote, kama ilivyokuwa desturi, kwa masharti ya kumtunza: nguruwe mmoja mnene kila mwaka, tumbaku, kuni zilizopasuliwa na kuletwa mlangoni, kiti karibu na moto, farasi wa kumpeleka misani hali ya hewa ikiruhusu, na njia ya kufika kwenye chemchemi iliyo chini ya mteremko, bila mtu kumsumbua. Alikuwa hamwamini hata mwanawe.

"Iko kwako," nikasema. "Chini ya mteremko."

"Nimeishi hapa miaka sitini na sita, binamu. Chini ya mteremko pana nyasi na jokofu bovu la marehemu baba."

"Basi imekauka."

"Ndivyo nilivyofikiri. Kwa hiyo nitapitisha bomba nyuma ya mawe, maji ya manispaa. Naweka na kikombe cha bati chenye mnyororo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua!"

"Wewe hutakunywa, basi."

Niliiacha supu yangu ya njegere. Mke wangu, Laurette, alikuwa akichambua stroberi za jemu. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Usimpige. Yeye ndiye mwenye hema la mkutano."

Nilimkuta Marcelin na mpira wa maji mabegani kama nyoka, akirundika mawe aliyoyatoa dukani, meupe, yale ya kupambia bustani. Tukabishana. Akaniambia kwamba mimi nina roho ya mwandishi wa hati na yeye ana roho ya mwenyeji. Nikamwambia kwamba mwenyeji hawanyweshi wageni klorini akaiita babu. Nikaondoka kwa gari nikiwa nimekasirika hivi kwamba nilielekea chini ya mto badala ya nyumbani, na mashamba manne mbele nikalazimika kukanyaga breki, kwa kuwa Bi Aldéa Thivard alikuwa amesimama katikati ya barabara na ndoo.

Bi Aldéa ni mjane, ana miaka themanini na minne, na bado anakamua ng'ombe watatu ambao daktari wake amemwambia awauze. Alisogea dirishani.

"Ee, profesa! Nasikia mnatafuta chemchemi."

"Nani kakuambia?"

"Marcelin ameuliza barabara nzima isipokuwa mimi. Mimi si Guérinet, siwezi kujua maji. Shuka, twende."

"Bi Aldéa, nina haraka."

"Ya kwenda wapi? Umestaafu tangu nilipokuwa na meno. Shuka."

Nikashuka. Akanipitisha nyuma ya zizi, tukateremka mteremko, yeye mbele na ndoo, mimi nyuma na magoti yangu. Chini palikuwa na kichaka cha mnanaa, na katikati ya mnanaa palikuwa na kisima kidogo kilichozungushiwa mawe meusi yenye kuvu, maji yakichemka taratibu kutoka chini kama sufuria inayoanza kupata moto. Alikuwa amezamisha humo mtungi wa krimu ili ipoe.

"Mama mkwe wangu alichota hapa," akasema, "na mama mkwe wake pia."

"Chemchemi ziko nyingi kando ya mto huu."

"Nitajie ya pili."

Nikainama. Nikachovya kidole majini.

"Haya, twende jikoni. Leo utaiona ile sahani."

Nilijua ni sahani gani. Nilijua tangu miaka kumi na saba iliyopita.

Mpimaji ardhi wa zama zile alipoweka jiwe la mpaka kati ya jirani na jirani hakuliweka hivihivi. Chini yake alifukia vitu vilivyovunjwa mbele ya pande zote mbili, vipande vya tofali au vyungu au takataka za mhunzi, na akaandika kwenye taarifa yake ni vitu gani. Viliitwa mashahidi. Mtu akilisogeza jiwe usiku, asubuhi watu wanachimba na kuwauliza mashahidi. Taarifa ya mwaka 1676 ya ardhi ya Abel ninayo, nimeinakili kwa mkono wangu. Inasema mpimaji hakuwa na tofali siku hiyo, kwa hiyo Abel akaingia ndani akatoa sahani ya kijani ya mke wake, ikavunjwa vipande vitatu. Maana kufikia hapo alikuwa amepata mke. Sijui huyo mke alisema nini. Hakuna hati.

Nilipokuwa naandika kijitabu nilichimba chini ya jiwe la mpaka la Marcelin. Nikapata vipande vya tofali. Nikaandika chini ya ukurasa wa arobaini na tatu: *Mpimaji alikosea kuandika.*

Bi Aldéa akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani, juu ya kitambaa, vililala vipande vitatu vya sahani ya kijani, kijani cha chupa, na ukingo wenye mistari miwili.

"Marehemu mume wangu alivitoa mwaka sitini na moja, alipokuwa anasimamisha uzio. Vilikuwa chini ya jiwe, pale mbele. Ulipokuja na kijitabu chako nilikuambia. Ulinijibu nini?"

"Sikumbuki vizuri."

"Unakumbuka."

Nilikumbuka. Nilimjibu kwamba kila shamba lina vyombo vilivyovunjika, na kwamba mambo haya yana wenyewe waliosomea.

"Ukanionyesha cheti," akasema. "Kilikuwa kwenye gari, kwenye fremu."

"Nilikuwa natoka kukitia fremu!"

"Sikatai. Fremu nzuri."

Nilivichukua vile vipande nikavisogeza kwenye meza yake ya plastiki yenye maua. Viliingiana. Kimoja kikaingia kwenye cha pili, cha tatu kikaziba pengo, na sahani ikawa sahani, ikikosa kijipande tu ukingoni.

"Lakini hesabu," nikasema. "Hesabu haikubali! Ardhi ya saba kwenda chini kutoka kanisani. Yako ni ya kumi na moja."

"Kutoka kanisa lipi?"

"Bi Aldéa, tafadhali. Kanisa liko moja."

"Leo liko moja. Kabla yake kulikuwa na lile la chini, lililoliwa na mto. Mama mkwe wangu hakumruhusu mtu kukata nyasi pale kwenye msalaba wa chuma, kabla hujafika kwa Marcelin, bila kuvua kofia. Alisema hapo ndipo altare ilipokuwa."

"Ule ni msalaba wa njiani. Parokia hii ina misalaba ya njiani tisa, nimeiorodhesha yote."

"Misalaba ya njiani inatazama njia, Rosaire. Ule unatazama mto."

Nimepita pale kwa gari, kwa baiskeli na kwa miguu maisha yangu yote. Kweli ule msalaba umetupa mgongo. Siku zote nilidhani aliyeusimamisha alikuwa mlevi.

"Sasa wewe," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa imepanda, "umekaa na kopo hili miaka kumi na saba! Umeona kibao cha Marcelin, umesikia habari za jiwe, kwa nini hukuja kusema?"

"Nilisema mara moja. Nikaambiwa ni takataka."

"Sikusema takataka."

"Ulisema vyombo vilivyovunjika. Na nikuambie jambo lingine: silitaki hilo jiwe lenu. Sitaki watu mia mbili wakikanyaga mnanaa wangu na kuniuliza choo kiko wapi. Babu yenu muacheni kwa Marcelin, anaonekana ana raha huko. Leo umeona, mimi inanitosha. Kopo narudisha juu ya kabati, wewe nenda kale nyama yako ya mkutano."

"Kwa hiyo hutamwambia mtu?"

"Nitamwambia nani? Hawa ng'ombe wanajua tayari."

Akanipa chupa ya krimu kwa ajili ya stroberi za Laurette, akanifungulia mlango.

Nyumbani nilishusha makasha yangu yote kumi na moja. Laurette alikuja mlangoni, akaniangalia nilivyokaa sakafuni kati ya karatasi, akarudi kwenye jemu yake. Nilitafuta mpaka saa kumi na moja jioni, nikaikuta kwenye kasha la tano. Ilikuwa karatasi niliyoinakili mwenyewe kutoka vitabu vya parokia, ya mwaka 1731: majina ya wanaparokia waliobeba mawe kwa sleji, magari ya kuburuta yasiyo na magurudumu, juu ya barafu, wakati wa baridi, *kutoka kanisa la zamani hadi kanisa jipya, umbali wa ardhi nne kwenda juu*. Mwandiko wangu, mzuri, ulionyooka. Na katika karatasi nzima nilikuwa nimepigia mstari maneno mawili tu kwa kalamu nyekundu: Étienne Guérinet. Mjukuu wa Abel. Alibeba sleji tatu.

Nilikuwa nimetafuta jina letu. Nilipolipata sikusoma mawe yalikuwa yanakwenda wapi.

Saba na nne ni kumi na moja.

Siku ya pili yake asubuhi nilirudi kwa Marcelin. Jiwe lilikuwa limefika, limelala juu ya tela mbele ya banda lake, limefunikwa blanketi kama farasi mgonjwa. Alilifunua kwa furaha. Lilikuwa zuri; siwezi kusema uongo. HAPA, JUU YA ARDHI HII, ABEL GUÉRINET ALIWASHA MOTO WAKE. Na chini, mimi. Nililigusa jina langu kwa kidole. Herufi zilikuwa zimeingia ndani kabisa, hata mvua ya miaka mia mbili isingezifuta.

Nikamweleza kila kitu, kanisa, msalaba, sahani, sleji. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hajawahi kunifanyia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mashamba manne," akasema. "Unanihamishia babu mashamba manne. Rosaire wangu, yule mzee mwenyewe alihama mara tano. Akihama mara moja zaidi atadhurika nini?"

"Jiwe linasema hapa."

"Hapa, pale! Watu wanatoka Minnesota. Wakisimama kwangu au kwa Aldéa, mto ni uleule, mbu ni walewale. Aldéa analitaka?"

"Halitaki."

"Unaona! Mimi nalitaka, yeye halitaki, jiwe limeshachongwa. Nani analalamika?"

"Si kweli, Marcelin. Ndiyo hoja yangu. Si kweli."

Alirudisha blanketi taratibu, akilinyoosha pembeni.

"Unajua kanuni," akasema. "Marekebisho ya historia yaje kwa barua, yenye sahihi, kwa posta, kwa katibu, na yafike siku kumi kabla ya mkutano. La sivyo hayasomwi. Si mimi niliyeitunga."

Niliitunga mimi. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu wa huko mjini aliyekuwa akinipigia simu kila Jumapili kusahihisha tarehe zangu. Nikaona nimkomeshe. Kanuni namba tisa. Ilipita bila kupingwa, na yule mwalimu hakuandika barua hata moja. Akajiondoa kwenye chama. Sasa nakumbuka kwamba mara ya mwisho aliniuliza kama nina uhakika na kanisa. Nilimwambia aandike.

"Leo zimebaki siku kumi na mbili," Marcelin akaendelea, bila ubaya, nakiri hivyo. "Posta inachukua siku mbili. Katibu mimi simwambii kitu, kwa kuwa sijui kitu. Wewe nenda nyumbani, ulale kidogo. Kesho barua yako itakuwa imechelewa, na hakuna mtu atakayekuwa amedanganya. Jumapili ile utavaa suti, watapiga makofi. Umeyafanyia kazi hayo makofi, mzee. Nani kama wewe?"

Huyu ndiye mtu aliyeuza magari miaka thelathini. Nilifika nyumbani nikiwa karibu nimeinunua hoja yake.

Nilikaa mezani. Laurette alikuwa anaandika tarehe kwenye mitungi ya jemu. Saa ya ukutani ilisema tano kasoro robo. Gari la posta hubeba barua saa kumi jioni. Kama ningeamka nikaenda kukata nyasi, basi. Ningekata nyasi tu. Abel alikata miti maisha yake yote na hakuna aliyemuuliza.

Nikaandika barua ya kwanza. Ilikuwa na kurasa nne. Laurette alivaa miwani, akaisoma yote akiwa amesimama.

"Umemlaumu mpimaji," akasema.

"Ile ni sehemu moja tu."

"Ukurasa wa pili umelaumu mto."

"Mto ndio uliokula kanisa!"

"Mto haukuandika kitabu, Rosaire. Na huku mwisho umemlaumu Abel kwa kutokukaa mahali pamoja."

"Hakukaa! Mwanamke, mtu huyu amenitesa miaka thelathini na moja! Hata kufa hakufa mahali nilipomweka!"

Laurette akacheka mpaka akashika meza. Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikachukua karatasi nyingine. Yeye akarudi kwenye mitungi yake, na kila mara bega lake lilikuwa likitikisika.

Ya pili ilikuwa na kurasa mbili. Niliichana mwenyewe. Ya tatu ndiyo hii, naiweka kama ilivyo:

*Kwa Katibu wa Chama cha Ukoo wa Guérinet. Kwa mujibu wa kanuni namba tisa nasahihisha kijitabu changu. Ardhi ya tano ya Abel Guérinet si ile ya Bw. Marcelin Guérinet. Ni ya kumi na moja kutoka kanisa la sasa, anapoishi Bi Aldéa Thivard, kwa sababu kanisa la kwanza lilikuwa palipo na msalaba wa chuma. Ushahidi: chemchemi, vipande vitatu vya sahani ya kijani, na karatasi ya mwaka 1731 ambayo nilikuwa nayo nyumbani kwangu na sikuisoma. Mpimaji wa mwaka 1676 hakukosea. Niliyekosea ni mimi. Bi Aldéa aliniambia miaka kumi na saba iliyopita, na mwanachama wetu wa zamani aliniuliza. Sikumsikiliza yeyote kati yao. Naomba barua hii isomwe mbele ya watu kabla ya jiwe kufunuliwa. Naomba pia jina langu lisagwe kwenye jiwe. Bi Aldéa hataki kutembelewa. Aachwe na amani yake.*

Laurette aliisoma mara mbili.

"Lisagwe?" akauliza. "Lote?"

"Liko chini ya maneno ya uongo. Likae vipi?"

Alinisogezea kalamu nzuri, ile niliyopewa kiwandani siku ya kustaafu, na akasogeza mitungi isinitie madoa.

Nikatia sahihi. Sikutia ile ya harakaharaka ya benki. Niliandika jina zima, Rosaire Guérinet, kwa mwandiko niliofundishwa nikiwa na miaka arobaini, herufi kwa herufi, jinsi ambavyo mtu mmoja alishindwa mara ishirini na sita. R ilitoka imepinda kidogo. Sikurudia.

Nikakunja karatasi mara tatu, nikaiingiza kwenye bahasha, nikalamba gundi. Ilikuwa chungu kama kawaida. Nikabandika stempu, nikaibonyeza kwa ngumi, nikavaa kofia. Saa ilikuwa tisa na nusu. Nilitembea kwa miguu mpaka posta ili Marcelin, akipita, aone nilichoshika, lakini hakupita. Gari la posta lilikuwa bado halijaja. Mhudumu akaniambia, "Weka tu kwenye kisanduku, mzee Rosaire, inaondoka leo." Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema ana uhakika. Nikauliza tena. Akatoka nyuma ya kaunta, akaishika pembe moja ya bahasha, mimi nikiwa nimeshika nyingine, akaniangalia. Nikaachia, ikaingia kwenye kisanduku.